Maua kwenye Kaburi la Bi Honoria

Safu ya Wafuaji,
Kelthorpe,
Lincolnshire, Uingereza.

14 Juni 1998

Mpendwa Bibi Enid,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba nyonga imeacha kukusumbua tangu ulipofanyiwa upasuaji. Baba anauliza kama umeanza tena kupanda ngazi ya kuchumia matufaha. Mama anasema hata kama unaweza, usipande. Huko kwenu Nyuzilandi sasa ni baridi na huku tunaambiwa ni kiangazi, ila kiangazi chenyewe ni mvua tupu, na nyasi zilizokatwa kwa ajili ya ng'ombe zinaoza shambani kabla hazijakauka.

Sisi hatujambo. Dada yako, yaani Bibi Mavis, naye hajambo, isipokuwa vidole vyake vimezidi kukakamaa na hawezi kushika kalamu kwa muda mrefu. Ndiyo maana naandika mimi. Ameketi hapa dirishani anamenya njegere, na amenipa agizo moja tu: "Mwandikie Enid yote. Usimfiche kitu." Najua hujazoea maneno mengi kutoka kwangu. Kwenye simu ya Krismasi husikii zaidi ya "ndiyo, Bibi" na "asante, Bibi". Kwenye karatasi huwa naongea zaidi, na safari hii nina hasira vilevile.

Huenda hujui kwamba Kelthorpe sasa ina Chama cha Historia. Enzi zenu kijiji kilikuwa na historia bila chama. Mwenyekiti ni Bwana Lionel Pargeter, mtu wa bima kutoka kusini, ambaye alistaafu, akanunua karakana ya mhunzi, akang'oa tanuri na mahali pake akaweka bafu. Wajumbe wengine ni marafiki zake wa kucheza karata. Hakuna hata mmoja aliyezaliwa hapa. Hilo si kosa, lakini wao hulitaja kama sifa, eti wanaona mambo kwa macho mapya. Mimi nilijiunga mwaka jana kwa sababu napenda vitabu vya zamani, na nilidhani watu wazima wanaokutana kuzungumzia mambo ya kale watakuwa wanasoma. Kazi niliyopewa ni kupiga chapa maelezo ya picha na kugawa chai.

Sasa wametoa kitabu, *Kelthorpe: Miaka Elfu Moja*. Nimekisoma mara mbili, mara ya pili kwa sababu sikuamini ile ya kwanza. Kinasema kuna handaki la siri kutoka Jumba Kuu hadi kanisani. Hakuna aliyewahi kuliona, na bonde lililo katikati hujaa maji kila Novemba, kwa hiyo waliokuwa wakipita humo lazima walikuwa samaki. Kinasema mikwaruzo kwenye mawe ya mlango wa kanisa ni ya wapiga mishale wa mfalme waliokuwa wakinoa mishale yao. Baba anasema ni ya watu walionoa mundu wakisubiri mahubiri yaishe. Kinasema pia kwamba farasi wa Cromwell, yule jemadari aliyempindua mfalme, walilala kanisani kwetu. Nimeangalia vitabu vya parokia za jirani pale maktaba: farasi hao walilala katika kila kanisa. Sijui walipata wapi muda wa kwenda vitani.

Na yale matuta kwenye malisho ya nyuma ya Jumba, palipokuwa na nyumba za kijiji cha kwanza? Tauni, wanasema. Tauni iliua watu wote. Si akina Ferrand, wenye Jumba, waliowatoa watu ili wafuge kondoo, ingawa mwalimu wangu wa historia amenionyesha kwamba miaka mia moja baada ya tauni watu hao walikuwa bado wanaishi pale wakilipa kodi. Tauni ni nzuri kwa sababu haina wajukuu wanaochangia gharama za kuchapa kitabu.

Karibu sura zote ni za akina Ferrand. Yupo Ferrand aliyewinda, Ferrand aliyepanda miti, Ferrand aliyeugua jongo kwa ushujaa. Sisi wengine tumepewa kurasa mbili mwishoni, zenye kichwa "Watu wa Kawaida". Kwenye ukurasa wa kwanza kuna picha ya baba yenu akiwa ameshika hatamu za yule farasi mkubwa. Mimi nilikuwa nimepiga chapa jina lake, Walter Blades, mwendesha mkokoteni. Bwana Pargeter akalikata, akisema majina mengi humchosha msomaji. Sasa pameandikwa: "Kapteni, farasi bora wa shamba la Jumba, pamoja na mfanyakazi."

Ukurasa wa pili sikuupiga chapa mimi, na niliuona kwa mara ya kwanza kwenye mkutano wa chama, kitabu kilipokwisha kuchapwa. Kuna picha ya dada yako. Imepigwa kwa nyuma, akiwa ameinama makaburini, na aliyeipiga lazima alijificha nyuma ya ukuta kama mwizi wa kuku. Chini yake wameandika: "Uaminifu usiokufa. Hadi leo, kila mwezi Machi, aliyekuwa mfuaji wa nguo wa Jumba Kuu huweka maua kwenye kaburi la mwajiri wake mpendwa, Bi Honoria Ferrand."

Kwenye mkutano huohuo Bwana Pargeter alitangaza jambo lingine, na hilo ndilo lililoleta yote yaliyofuata. Bwana Rupert Ferrand, mjukuu wa Bi Honoria, amegeuza mazizi ya Jumba kuwa nyumba za wageni wa likizo. Wageni hao wana mbwa, na mbwa hawajui kaburi la mkubwa ni lipi. Kwa hiyo makaburi ya familia yatazungushiwa uzio wa chuma wenye lango na kufuli, na ufunguo utakaa ofisini Jumba. Uzio ungezinduliwa siku moja na kitabu.

"Na nani atakata utepe?" akasema, akinitazama mimi niliyekuwa na birika mkononi. "Bibi yako, msichana wangu! Mtumishi mwaminifu! Gazeti litampenda. Na wewe, bingwa wetu wa vitabu, utatusomea ukurasa wake."

Nikasema ndiyo. Mimi kwa watu wazima husema ndiyo kwanza, halafu nafika nyumbani najiuliza nimekubali nini.

Bibi alisomea kile kitabu mezani, miwani puani. Alisoma ukurasa wake, akarudia, kisha akakiweka chini kwa ncha za vidole.

"Nani kaandika upuuzi huu?"

"Bwana Pargeter, Bibi."

"Mimi? Nimpelekee Honoria Ferrand maua? Mwanamke aliyenifukuza kazi eti tumbo langu linawaharibia wageni wake hamu ya kula!"

Baba akacheka. "Lakini Mama, maua si unapeleka? Nakuona kila mwaka tangu nikiwa mdogo."

"Na ulidhani ni ya nani?"

"Nilidhani... ya huyohuyo. Jina lake si ndilo liko kwenye jiwe?"

"Basi na wewe mjinga kama wao, Derek. Tofauti yenu ni kwamba wewe nimekuzaa."

Halafu akatusimulia. Haya wewe unayajua kuliko mimi, Bibi Enid, kwa maana ulikuwepo. Lakini ametaka niyaandike kama alivyoyasema, ili ujue kwamba hatimaye ameyatamka kwa kinywa chake mwenyewe, baada ya miaka arobaini na kitu.

Alisema kwamba mtoto wake wa kwanza hakuwa Baba. Alikuwa binti, akazaliwa Machi 1956 katika chumba cha juu cha nyumba hii, akiwa amekwisha kufa. Mkunga alimwambia Bibi ageukie ukutani. Wewe ndiye uliyempokea mtoto, ukamzungushia foronya mpya uliyokuwa umeitarizi kwa ajili ya safari yako ya Nyuzilandi. Babu George alitengeneza kisanduku kwa mbao za sanduku la chai. Kasisi wa wakati ule, yule Pelham, alisema mtoto hakubatizwa, kwa hiyo hana ibada, na makaburini hana mahali pake.

Ndipo mzee Amos Leake, mchimba makaburi, alipokuja mlango wa nyuma akiwa na kofia mkononi. "Mavis," akamwambia, "nina kaburi liko wazi tangu jana. Ni la Bi Mkubwa. Nitalichimba kidogo zaidi, nimlaze vizuri, nimfunike kwa udongo safi. Hakuna wa kuuliza, na mtoto hatakuwa peke yake."

Bibi anasema mzee Amos alifanya hivyo kwa watoto wote wa namna ile. Alingoja kaburi litakalokuwa wazi wiki hiyo, la yeyote yule, na mtoto akatangulia. Safu yetu nzima ilijua, na Jumba zima halikujua. Asubuhi alimlaza binti, na mchana akina Ferrand wakaja na magari meusi, wakateremsha jeneza lao juu yake. Bibi alikuwa kitandani akisikiliza kengele za mtu mwingine.

Maua yake huyaweka upande wa miguuni, mbali kabisa na jiwe. Hata picha ya kitabuni inaonyesha hivyo, kama anayeitazama ana macho.

Baba alikivuta kile kitabu, akaitazama picha. Kisha akasema, "Kwa hiyo nina dada."

"Unaye," akajibu Bibi. "Na sasa wanataka kumtia kufuli."

Nilimwuliza kama hawezi kuomba ufunguo. Akasema mlango wa Jumba alitolewa na mimba ya miezi saba, siku ya mvua, na hataukanyaga tena kwenda kuomba ruhusa ya kumsalimia mwanawe. Unamjua dada yako. Uzio ukifungwa, ndiyo mwisho wa maua ya Machi.

Siku iliyofuata Baba alikwenda kwa kasisi wetu wa sasa, Bwana Wetherell. Ana parokia sita na siku zote anaongea mkono mmoja ukiwa kwenye mlango wa gari. Alisema amesikitika sana. Alisema daftari la mazishi halina kitu. Alisema kibali cha uzio kimekwisha kutolewa. Baba anasema alisikitika kwa muda wa kutosha kuwasha injini.

Mimi nikaenda kwa Bwana Pargeter. Sijui kama unaelewa ugumu wa jambo hilo kwangu. Nilijiandalia maneno njia nzima, na alipofungua mlango yote yakakimbia.

"Bwana Pargeter, chini ya Bi Honoria kuna... yuko mtoto wa Bibi."

"Mtoto?"

"Mzee Amos alimweka. Kabla ya mazishi."

"Nani kakuambia?"

"Bibi."

"Aa." Akatabasamu kama mtu anayempa mtoto peremende. "Bryony, mpenzi wangu, historia ni ushahidi. Wazee hukumbuka mambo kwa namna yao, na namna yao inapendeza. Lakini una hati? Una cheti chochote?"

Nilitaka kumwuliza hati ya handaki iko wapi. Sikuuliza.

"Halafu fikiria familia," akaendelea, sauti ameishusha. "Hakuna anayependa kuambiwa kwamba marehemu wake amelala juu ya mtu."

Hilo ndilo lililomsumbua. Kwamba mtu amelala chini ya Bi Honoria halikumsumbua hata kidogo. Bibi Enid, nimesoma kwamba mwanahistoria ni mtu anayetaka kujua kilichotokea. Huyu anataka kujua nani atapiga makofi. Amepita kando ya wanawake wazee wa kijiji hiki mwaka hata mwaka, amewapigia picha migongo, na hakuwahi kumwuliza hata mmoja wao swali lolote isipokuwa kama chai ina sukari.

Uzinduzi ulikuwa Jumamosi ya tarehe 6 makaburini, chini ya hema, na mvua ilinyesha kama ilivyostahili. Kulikuwa na sandwichi za matango, skonzi na jemu, na mvinyo mtamu kwenye vikombe vya plastiki. Wanawake wazee wa Safu na wa nyumba za halmashauri walikuwa wamealikwa wakae mbele, maana wanapendeza kwenye picha. Bwana Rupert Ferrand alivaa suruali nyekundu. Uzio ulikuwa tayari, mweusi, unanuka rangi, na utepe wa buluu umefungwa langoni. Kufuli mpya ilikuwa inaning'inia.

Bwana Pargeter alihutubia. Tauni ikapita, farasi wakalala kanisani, handaki likachimbwa upya. Halafu akaniita.

Nilisimama. Nikafungua ukurasa ule. Bibi alikuwa kwenye kiti cha mbele, amevaa koti lake la msiba, mikono juu ya mkoba. Nikajaribu neno la kwanza, "uaminifu", likagoma. Mara nyingi sauti yangu hukwama kwa haya, lakini safari hii sikutaka itoke. Nikafunga kitabu, nikasema, "Ukurasa huu si kweli." Nadhani walisikia watu wa mstari wa mbele tu, na mbwa mmoja.

"Ana haya, ana haya!" akacheka Bwana Pargeter, akanishika begani kunirudisha nyuma. "Mama Odling, njoo mpenzi, utukatie utepe."

Bibi akainuka. Akapokea mkasi, akautazama, akampa Bwana Ferrand.

"Shika mkasi wako," akasema. "Mimi sijamletea bibi yako ua hata moja. Alinifukuza kazi nikiwa na mimba. Sikumsamehe, na alipokufa sikulia. Maua ni ya binti yangu. Yuko hapo chini ya bibi yako. Amos Leake alimlaza asubuhi ya mazishi, na ninyi mkaja mchana na magari yenu mkamwekea mzigo juu."

Mtu wa gazeti akaacha kupiga picha. Bwana Pargeter akaja mbio akiwa ameinua mikono kama anafukuza bata. "Mama Odling, tafadhali, hapa si mahali pa..."

"Hapa ndipo mahali penyewe. Au unadhani nimekosea kaburi?"

Mvua ikapiga juu ya hema. Kisha Bi Hilda Dowse, yule uliyesoma naye, akasema kutoka kitini pake, skonzi bado mkononi: "Mtoto wa kwetu yuko kaburini kwa Kanali. Mama alituonyesha."

"Kwa Kanali yule wa farasi?" akauliza mwenzake.

"Huyohuyo. Alimchukia kila mtoto wa kijiji, na wa kwetu anamlalia mgongoni."

"Ah, Hilda, bora wenu! Mapacha wa dada yangu wako kwa Pelham."

"Pelham kasisi? Aliyekataa kuwaombea?"

"Kasisi mwenyewe! Amos aliwatunza bandani siku mbili, Pelham akajifia kwa kifua, Amos akasema sawa, ukiwakataa kanisani utawalea kaburini."

Wakacheka, Bibi Enid. Wanawake wazee wakacheka makaburini kwa kicheko ambacho sijawahi kukisikia, machozi yakiwatoka, wakashikana mikono. Mwingine akaelekeza mwavuli kwenye jiwe la mwenye benki, mwingine kwenye malaika wa marumaru wa mke wa daktari. Kila kaburi kubwa la miaka ile lina mpangaji wake. Bwana Pargeter alikuwa na ramani ya makaburi, ameichora mwenyewe kwa wino wa rangi tatu, na nilimwona akiitazama kama mtu aliyeuziwa gari lisilo na injini.

Bwana Ferrand alikuwa mwekundu kuliko suruali yake. Si mtu mbaya, ila hajawahi kuhitaji kuwa na akili. "Mama Odling," akasema, "nimekuelewa. Hatukujua. Tutakupa ufunguo wako mwenyewe. Uwe nao nyumbani."

"Ufunguo?" akasema Bibi. "Wa kumtembelea mwanangu? Weka mfukoni, usije ukaupoteza."

Baba alitoka chini ya hema. Alikwenda kwenye gari lake, akarudi na spana. Akalegeza bawaba mbili, akalinyanyua lango zima kama anavyotoa mlango wa trekta, akaliegemeza kwenye ukuta wa kanisa, utepe ukiwa bado umefungwa. "Samahani, Bwana Ferrand," akasema, akijifuta mikono. "Litakuwa pale."

Hakuna aliyelirudisha. Jana nilipita nikaona kufuli nayo imeondolewa. Jumapili kasisi Wetherell alisimama mbele ya lile pengo, akalitazama, akaingia kanisani bila neno. Kwa maoni yangu ndiyo mahubiri yake bora.

Jumanne Bwana Pargeter akabisha hodi kwetu na kinasa sauti. "Mama Odling, huu ni ugunduzi mkubwa! Nataka kufanya kitabu kizima. 'Watoto Waliofichwa wa Kelthorpe', utafiti wa Lionel Pargeter!"

"Hukugundua kitu," Bibi akamwambia mlangoni. "Mjukuu wangu alikuja kukuambia kwa upole ukamwona mjinga. Sasa umeambiwa kwa kelele, unajiita mtafiti."

Akafunga mlango. Bwana Pargeter akaniita kupitia dirisha la jikoni, akaniahidi kunishukuru kwenye ukurasa wa nyuma. Nimejitoa kwenye chama. Chai wagawiane wenyewe.

Sasa nafikia jambo lenyewe, Bibi Enid, ambalo limenifanya nichukue karatasi zote hizi.

Jana mchana nilimsindikiza Bibi makaburini. Si Machi, lakini alisema sasa atakwenda atakapo. Tulipokuwa tunarudi alisimama njiani, akasema kitu ambacho hakutusimulia mezani. Mkunga alipomwambia ageukie ukutani, aligeuka, kwa sababu alikuwa na umri mdogo na ameambiwa na mtu mwenye aproni nyeupe. Alipogeuka tena foronya ilikuwa imekwisha kukunjwa. Hakumwona. Hajawahi kumwona mwanawe. Waliomwona ni watu wawili tu, mkunga, ambaye amekufa, na wewe.

Anasema ulisafiri mwezi uliofuata, na tangu hapo mmeandikiana juu ya mvua na matufaha na mbwa. Yeye hakuuliza kwa kuhofia utalia peke yako huko mbali, na anaamini wewe hukusema kwa kuhofia hivyohivyo juu yake. Sasa anauliza.

Nywele zake zilikuwa na rangi gani? Alikuwa nazo? Alifanana na Babu George au na upande wenu? Alikuwa mzito mikononi? Mikono yake ilikuwa imefumbwa au imefunguka? Bibi amenitajia maswali haya moja baada ya jingine nami nimeyaandika kama yalivyotoka. Anasema kama kuna jambo lisilopendeza, uliandike pia, yeye si mtoto. Na kama umesahau, usitunge. Sema umesahau, naye atakuelewa.

Baba na Mama wanakusalimu sana. Bi Hilda Dowse anakusalimu na kusema bado una deni la kumwelezea kwa nini uliondoka bila kuaga. Utusalimie Babu Colin, na shangazi Glenys na Lorraine, na watoto wao wote ambao nawajua kwa picha tu. Mungu akupe mguu usiouma na mavuno mema, na akuweke salama ng'ambo hiyo ya dunia mpaka tuonane.

Nimemweleza Bibi kwamba barua hii itachukua zaidi ya wiki kufika, na jibu lako wiki nyingine. Amesema anajua. Lakini kesho asubuhi atakuwa amesimama langoni kumngoja mtu wa posta, namfahamu, na nitasimama naye.

Mjukuu wako akupendaye,
Bryony Odling